Ukifuta huku, na kule linafutika
Ndugu, umeuliza kwa nini faili ulilofuta kwenye laptopu ya nyumbani limetoweka na kwenye kompyuta ya ofisini. Ndivyo Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inavyofanya kazi: kila badiliko kwenye folda yake hupelekwa kwenye seva (kompyuta zao za mtandaoni), kisha mashine zako nyingine huliiga, kufuta kukiwemo. Usihangaike, ingia kwenye tovuti yao, fungua sehemu ya mafaili yaliyofutwa, ulirudishe. Ila fanya haraka, akaunti ya bure inakupa siku 30 tu. Nakala ya akiba weka kwenye diski ya nje, mbali kabisa na folda hiyo.