Maswali ya Wasomaji: Chupa ya mafuta kwa kibanda, ni imani ama ni sanamu?

SWALI: Shalom mtumishi. Mi nauza viazi karai na bajia huku Mikindani jioni, nimeokoka na naimba kwaya. Biashara ilianguka mwaka jana, rafiki akanipeleka mahali kwa maombi nikauziwa chupa ya mafuta ya upako shilingi 500, nikaambiwa nipake meza na karai kabla sijawasha jiko. Na kweli wateja walirudi. Sasa juzi chupa ikaisha na sina hela ya ingine, jioni hiyo sikufungua, viazi nishamenya vyote nikakaa tu ndani naogopa mkono wa mtu. Mume wangu akaniambia hiyo chupa imekua sanamu. Nilikasirika sana manake mi hirizi nilitupa kitambo. Ni kweli naabudu sanamu?
Mama Viazi, Mikindani

JIBU: Mamangu, asante kwa kuandika bila kuficha. Mumeo amekwambia neno gumu lakini naona amelenga.

Kwanza mafuta yenyewe hayana kosa. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, kwa hivyo usije ukasema nimekwambia mafuta ni ya shetani. Mi naangalia ile jioni. Viazi vimemenywa, makaa yapo, watu wanashuka matatu wana njaa, na Mungu uliyemwimbia Jumapili hajaenda popote, kilichokosekana ni chupa tu na kazi ikasimama. Ukitaka kujua moyo wako umeegemea wapi angalia ni kitu gani kikitoka unashindwa kusimama.

Soma Hesabu 21. Watu wanaumwa na nyoka jangwani, Mungu mwenyewe anamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba amweke juu ya mti, na kila aliyemtazama akapona. Kitu kilitoka kwa Mungu kabisa, kilifanya kazi kabisa, na ushuhuda ulikuwepo. Sasa ruka mamia ya miaka mpaka 2 Wafalme 18:4 utakuta wana wa Israeli bado wanacho na wanakifukizia ubani, na mfalme Hezekia akakivunja vipande vipande, Biblia inamsifu kwa hilo. Hapo ndipo wengi wetu tulio kanisani tunaponaswa, manake tukisikia sanamu tunafikiria kinyago ama mganga wa huko ndani ndani, kumbe inaweza kuwa kitu kizuri ambacho Mungu alikitumia jana na leo tumekishika chenyewe tukamwachilia yeye. Ezekieli 14:3 inasema wazee wa Israeli walikua wametia vinyago mioyoni mwao, na hao wazee walikua wamekuja kukaa mbele ya nabii kutafuta neno la Mungu, yaani watu wa ibada kama wewe na mimi.

Hirizi uliitoa, sawa, lakini ile hofu iliyokufanya uivae haikutoka, ikatafuta pengine pa kushika.

Kuhusu wateja kurudi, mi siwezi kukwambia walirudi kwa njia gani. Lakini soma Hosea 2:8, Mungu analalamika kwamba watu hawakujua ni yeye aliyewapa nafaka na divai na mafuta, wakachukua fedha na dhahabu aliyowaongezea wakaitumia kwa Baali, mungu wa uongo. Wateja wale alikuletea yeye, shukrani ikaenda kwa chupa. Na hao wanaouza wananiuma sana, nasema wazi, Yesu aliwaambia wanafunzi wake mmepata bure toeni bure, Mathayo 10:8, na Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya Naamani kuponywa ukoma. Mama wa kibanda kutolewa shilingi 500 kwa hofu yake, hapana.

Sasa utafanyaje? Usingoje mpaka hofu iishe ndo ufungue. Gideoni aliambiwa abomoe madhabahu ya Baali ya babake, Waamuzi 6, na akaifanya usiku manake aliogopa watu wa nyumba ya babake na wa mji, na Mungu hakumkataa kwa kuogopa. Halafu aliambiwa ajenge madhabahu ya Bwana juu ya hapo hapo, sio kubomoa tu aache pabaki wazi. Kwa hivyo kesho jioni mwombe mumeo mtoke pamoja, muombe pale mezani kwa maneno yenu wenyewe, uwashe jiko bila kupaka kitu, uuze. Siku wateja wakiwa wachache usikimbilie kununua chupa, angalia vitu vya kawaida kwanza, viazi vilikua vimelala? pilipili imebadilika? mwenzako wa mbele ameshusha bei? Ukiomba na ukaangalia hivyo vitu hujakosa imani.

SWALI: Mi ni dereva wa tuktuk Bamburi. Napiga mkeka wa kubeti mechi wikendi na huwa naomba kwanza, nikishinda natoa fungu la kumi. Kuna mtu ameniambia hiyo ni ibada ya sanamu. Ni sawa?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Kijana wangu, Isaya 65:11 inataja watu waliomwacha Bwana wakamwandalia meza mungu wa bahati. Wakolosai 3:5 nayo inaita tamaa ya mali ibada ya sanamu moja kwa moja. Sikuhukumu, najua mafuta yamepanda na mwenye tuktuk anataka hesabu yake kila siku hata abiria wakikosa, lakini jiulize ukiamka Jumatatu unashika Biblia kwanza ama unashika simu kuangalia mkeka umechanika wapi. Na ile sala unamwomba Mungu ama unamtuma? Fungu la kumi la mkeka usilete, haligeuzi kitu. Futa hiyo programu leo, mwambie mmoja wa wazee unayemwamini akuulize kila wikendi, na ile hela ya mkeka mpe mkeo mkononi Ijumaa kabla mechi hazijaanza.