Spika za nyuma kimya, maneno hayasikiki

Ndugu, umesema amplifaya yako ni ya 5.1 (spika tano na sabufa, yaani spika ya besi), lakini kwenye filamu maongezi yanamezwa na muziki na spika za nyuma hazilii. Usinunue kitu bado. Fungua menyu ya sauti ya runinga: ikiwa imewekwa PCM (runinga inaifungua sauti yenyewe kabla ya kuituma), runinga nyingi hutoa chaneli 2 tu. Weka Bitstream au Dolby Digital, ili sauti iende bila kufunguliwa na amplifaya iigawe kwa spika zote, na waya wa HDMI uingie kwenye tundu lililoandikwa ARC (linalorudisha sauti ya runinga kwenye amplifaya) pande zote mbili.

Kisha chukua futi kamba, upime kutoka unapokaa hadi kila spika, uingize umbali huo kwenye amplifaya. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo amplifaya huchelewesha spika za karibu ili sauti zote zifike pamoja. Ukiacha namba za kiwandani, spika ya nyuma iliyo karibu na sikio hutangulia, na filamu nzima inahamia kisogoni.

Maongezi hutoka spika ya kati. Itoe kabatini, ielekee masikioni, uiongeze desibeli 2 au 3. Spika zikiwa ndogo, ziandikishe Small kwenye menyu ya amplifaya na uweke mpaka wa besi (crossover) hezi 80. Besi ya chini ya hapo iende kwa sabufa.

Kwa muziki wa stereo, jaribu Pro Logic II (mfumo wa amplifaya unaosambaza stereo kwenye spika zote) upande wa Music kama ipo. Hizo modi za Hall na Stadium za amplifaya zizime kabisa, ni mwangwi wa kubandika tu.