Kabla hujasema hewani "wimbo huu ni wa fulani"

Nyie wadogo zangu mnaoanza kuandaa vipindi vya zilipendwa hapa Mwanza, iwe redioni au kwenye chaneli yako ya YouTube unayorekodia gheto Nyegezi, kuna kitu kimoja kinawaangusha wengi. Mnachanganya aliyeimba, aliyetunga na yule ambaye jina lake limeandikwa. Hao wanaweza kuwa watu watatu tofauti kabisa.

Chukua Malaika. Dunia inaujua kwa sauti ya Miriam Makeba, Boney M nao wakaurudia 1981, ila huku kwetu aliyeurekodi ukavuma ni Fadhili William wa Kenya, miaka ya 60 inaanza anza, na kuna wanaosema hapana bana, wimbo ni wa Adam Salim, mtu wa Tanganyika, kwamba aliutunga tangu 1945. Sasa wewe ukienda hewani ukasema katunga Fadhili simu zitaita, ukisema Salim zitaita vilevile. Sema Fadhili aliurekodi akautangaza, na Salim alidai ni wake, halafu piga wimbo. Wewe sio hakimu.

Ukibahatika kupata santuri yenyewe, na bado zipo kwa wazee, watu wamezitupia stoo tu huko Kirumba na Igoma, usikimbilie kuipiga. Soma lebo kwanza. Jina kubwa ni la bendi, ila chini ya jina la wimbo kuna herufi ndogo, mara nyingi kwenye mabano, huyo ndo anayetajwa kama mtunzi. Halafu iinamishe kwenye mwanga uangalie ile sehemu laini inayozunguka lebo, kuna namba zimechongwa pale, zipige picha na simu. Namba hizo zinakusaidia kujua ipi ilitengenezwa kabla ya ipi hata kama mwaka haujaandikwa popote.

Ila na hilo jina la kwenye mabano usiliamini kihivyo! Kuna ule wimbo wa simba analala, The Lion Sleeps Tonight. Asili yake ni Mbube, aliurekodi Mzulu mmoja anaitwa Solomon Linda na kundi lake Evening Birds, Johannesburg 1939, kampuni ya Gallo. Miaka ya 50 mwanzoni kundi la The Weavers la Marekani likaurudia, na kwenye nafasi ya mtunzi likakaa jina Paul Campbell. Huyo Paul Campbell hakuwepo, ni jina walilojitungia wao wenyewe kundini. The Tokens wakaupeleka namba moja Marekani 1961, Linda akafa mwaka uliofuata akiwa fukara, familia yake imekuja kupatana na wenye pesa 2006, baada ya kesi iliyoihusu Disney na filamu yake ya simba. Mi nikipiga huo wimbo namtaja Linda kwanza, hao wengine baadaye nikiwa na muda.

Kwa zilipendwa zetu shida ni nyingine. Bendi nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania, kwahiyo nyimbo kibao unazozikuta mtandaoni zimetoka kwenye kanda, mtu kapakia, kaandika jina la muimbaji tu basi. Hapo jina la bendi ndo linakupa mwaka. Mbaraka Mwinshehe alikuwa Morogoro Jazz mpaka 1973 akaondoka kuanzisha Super Volcano, na amefariki Januari 1979, kwahiyo ukijua bendi ni Super Volcano ushapata kipindi chake, hakizidi miaka sita, bila kumuuliza mtu.

Wazee nao wana namna ya kuulizwa. Usimuulize mzee "wimbo huu ni wa mwaka gani", atakupa mwaka wowote akuridhishe. Muulize vita ya Kagera ilikuwa imeshapigwa? Meli ya MV Bukoba ilikuwa bado haijazama? Hapo anakumbuka mpaka shati alilovaa, na wewe unajua kama ni kabla au baada ya Mei 1996.

Nyimbo za vichekesho na za kuchezea ndo zina asili ya ajabu kuliko zote, na wengi mnazidharau. Waka Waka ya Shakira ya Kombe la Dunia 2010 kiitikio chake ni Zangalewa, ya Golden Sounds wa Cameroon, 1986, na wao pia waliitoa kwenye nyimbo za askari. Kwahiyo swali la kuuliza ni huu wimbo ulikuwa unafanya kazi gani kabla haujaingia studio.

Na hilo swali mnalihitaji zaidi hapahapa. Prodyuza anachukua kipande cha bugobogobo, ngoma ya majembe, anaweka biti, anaandika "wimbo wa asili" basi. Wakati Wasukuma nyimbo za mashindano, Bagika kwa Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, zina ningi wake, yule kiongozi anayetunga, na watu wanamjua kwa jina na kijiji! Nenda Kisesa, panda Bujora pale makumbusho, hasa Juni wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, wachezaji wote wapo, mpigie mtu kile kipande kwenye simu uulize cha nani. Ukitajiwa majina mawili andika yote mawili, na aliyekutajia pia, maana prodyuza akija kukubishia itabidi umpeleke kwa mtu.