Kwa nini nilimlilia Terry Hall

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, nusu unacheka: "Baba, alipokufa Ami hukutoa hata chozi. Mbona Disemba ile ya 2022 nilikukuta jikoni unamlilia mwimbaji wa Kizungu?" Sikukujibu kwa kuwa mama yako alikuwa ametega sikio.

La Ami ni jepesi. Siku ile nilikuwa na kazi: kumuosha, kubeba jeneza, kuangalia sufuria za hitima zisipunguke. Nafasi ya kulia ilipopatikana, nilikuwa nishapanda ndege kurudi Uingereza, na jirani yangu kitini anakoroma. Siku ya Terry Hall sikuwa na kazi yoyote. Redio ikasema amefariki, miaka 63, nami nimeshika kikombe cha chai.

Nilitoka Mombasa kuja Coventry mwaka 1980, kijana wa miaka 15, nikakaa kwa Ami. Kila Jumatatu shuleni wenzangu walirudia vichekesho walivyoviona kwenye televisheni, na vingi vilitusema sisi wageni: lafudhi zetu, vyakula vyetu, harufu ya nyumba zetu. Ukinuna, wewe hujui mzaha. Ukicheka, umejitukana. Mimi nilicheka. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Aprili 1981 mwanafunzi mwenye asili ya India aliuawa na wabaguzi katikati ya mji. Ami akanipiga marufuku kutoka jioni. Juni, The Specials, bendi ya palepale Coventry, wakapiga tamasha la kupinga ubaguzi. Nilimwambia Ami naenda kusoma kwa rafiki. Jukwaani alikuwepo Terry Hall, aliyeanzia kwenye bendi ya panki, ile roki ya kelele na hasira, uso mkavu kama mtu anayesubiri basi la saa nne. Pembeni yake Lynval Golding na Neville Staple, wazaliwa wa Jamaika, hawatulii hata kidogo. Muziki ulikuwa ska ya Jamaika, lakini hasira ilikuwa ya panki. Kilichonishika ni ule uso. Alisema maneno mazito bila kutabasamu wala kumbembeleza mtu. Mimi nilikuwa nikitabasamu tangu nishuke ndege, mpaka mashavu yananiuma.

Mwezi uliofuata wimbo wao "Ghost Town" ukawa namba moja Uingereza nzima, huku vijana wakipambana na polisi mji baada ya mji.

Halafu Novemba 1982 televisheni ya BBC2 ikaanza kipindi cha vichekesho, The Young Ones, wanafunzi wanne wapumbavu katika nyumba chafu. Ami alikiita kipindi cha wendawazimu, na hakukosea. Karibu kila mara bendi ilitokea sebuleni bila sababu, mara The Damned, mara Madness. Baadaye nikajua ni ujanja: kipindi chenye muziki kilihesabiwa cha burudani mchanganyiko, na fungu lake la pesa lilikuwa nono zaidi. Kuna polisi mle, kavaa miwani myeusi, anamsumbua Mzungu akidhani ni mtu mweusi. Anavua miwani, anaona, anaomba radhi. Nilicheka hadi nikaanguka kochini. Kwa mara ya kwanza aliyechekwa alikuwa yule anayestahili. Jumatatu nilikirudia kichekesho kile mimi, mbele ya darasa, na hapo ndipo nilipopata marafiki watatu.

Tukaunda bendi. Mimi gitaa, mikao mitatu tu ya vidole, na wa tatu ulikuwa wa kubahatisha. Tulipiga mara moja, kwenye ukumbi wa vijana, mpaka mlinzi akazima umeme. Wawili kati ya wale ndio unaowaita Anko, na wote walikuja hadi Mombasa kwenye hitima ya Ami.

Kanda ya usiku ule ninayo kabatini, chini ya vitabu vya babu yako. Redio kaseti ndiyo uliyoitupa wewe ulipohama. Ukija Ijumaa, pitia sokoni unitafutie nyingine.

Baba yako