Porto, Ureno, kwa São João (sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji): siku mbili zinatosha?

Zinatosha, ukipanga kufika tarehe 23 Juni mchana. Usiku huo ndio sherehe yenyewe. Tarehe 24 ni sikukuu ya mji na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji mapema. Fataki hurushwa saa sita usiku juu ya mto Douro. Usitegemee kuzitazama ukiwa kwenye daraja la Dom Luís I, maana hufungwa kwa usalama. Chagua upande mmoja wa mto mapema, Ribeira (upande wa Porto) au Gaia (mji wa ng'ambo), la sivyo utakwama ng'ambo isiyo na kitanda chako.

Utagongwa kichwani kwa nyundo za plastiki. Usikasirike, ni desturi ya usiku huo; nunua yako ugonge wenzako. Mrehani wa kwenye chungu, unaouzwa kwa sherehe hii, haunuswi kwa pua moja kwa moja: gusa majani, kisha nusa kiganja.

Kula sadini za kuchoma juu ya mkate na caldo verde (supu ya viazi na sukuma wiki). Francesinha (mkate, nyama, soseji, jibini, mchuzi wa bia) iache kwa siku nyingine, ni nzito, inaleta usingizi. Mkate na zeituni vinavyoletwa bila kuagizwa hulipiwa ukivila, hutaki, virudishe.