Wasomaji Wanauliza: Shilingi 70,000 za Kamera ya Kwanza Ziende Wapi?

Swali: Mimi ni mkazi wa Umoja, Nairobi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu kanisani kwetu na katika shughuli za majirani. Sasa watu wameanza kuniita kwenye harusi na sherehe za mahari, na baadhi yao wako tayari kunilipa. Zamu yangu ya chama imefika, nami nimetenga shilingi 70,000. Muuzaji mmoja wa katikati ya jiji amenionyesha kifurushi cha kamera mpya ya Canon chenye lenzi mbili, ya milimita 18-55 na ya milimita 75-300, pamoja na mkoba na mguu wa kusimamishia kamera, kwa bei inayomaliza fedha zote. Je, nikichukue? – Binti wa Umoja

Jibu: Dada yangu, nakusihi usikichukue, na nitakueleza kwa kirefu kwa kuwa fedha za chama huchukua muda mrefu kurudi mkononi. Kamera yenyewe haina ubaya. Kinachonitia shaka ni zile lenzi mbili, kwa sababu zote zinapenda mahali penye jua, ilhali kazi unayoitiwa hufanyika ndani ya majengo.

Lifikirie kanisa lenu siku ya harusi. Madirisha yako ubavuni, taa ni chache, na maharusi wamesimama mbele kabisa, pale ambapo mwanga wa madirisha umekwisha kufifia. Ukiivuta lenzi ya 18-55 hadi milimita 55 ili uzipate nyuso zao, tundu lake la kupitishia mwanga halizidi f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa pana zaidi), yaani upana wa takriban milimita 10, kama kifungo cha shati. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hufunguka hadi karibu milimita 28, upana wa kizibo cha chupa ya soda. Mwanga unaoifikia sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, kupitia lenzi hiyo ya pili hukaribia mara 10 ya ule wa kwanza. Kwa hiyo pale ambapo 18-55 ingekulazimisha kupiga kwa kasi ya 1/20 ya sekunde, ile ya milimita 50 itakuruhusu kupiga kwa 1/200. Kwa 1/20 mkono unaovisha pete hutoka kama moshi. Kwa 1/200 utaiona hata mikunjo ya kidole.

Muuzaji huenda akakuambia kwamba 18-55 ina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Ikiwa ni toleo lenye kifaa hicho, amesema kweli, lakini kinachotulizwa ni mikono yako wewe unayepiga, wala si mtu anayetembea mbele yako. Nayo Canon EF 75-300 ya toleo la tatu, ambayo ndiyo huambatanishwa sana na vifurushi vya namna hii, haina kifaa hicho kabisa, na ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni f/5.6 vilevile. Ndani ya ukumbi itakaa mkobani. Mkoba na mguu wa kusimamishia vimewekwa ili kifurushi kionekane kimejaa.

Kama fedha hizo zingekuwa zangu, ningezigawa hivi. Zisizozidi 42,000 zingenunua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55, ambayo bado utaihitaji kwa picha za ukoo mzima nje ya kanisa. Kiasi kama 15,000 kingekwenda kwenye lenzi ya milimita 50 f/1.8. Zinazobaki zingenunua betri ya pili, kadi mbili za kumbukumbu, na akiba kidogo ya fundi. Tafadhali usiifikirie betri ya pili kuwa anasa. Harusi zetu huanza asubuhi nyumbani kwa bibi harusi na kumalizika usiku, na hakuna aibu kubwa kwa mpiga picha kuliko kutafuta soketi wakati keki inakatwa. Kadi nazo ziwe mbili ili moja ikiharibika usije ukapoteza siku nzima ya watu ambayo hairudiwi.

Kuhusu bodi, usiogope umri wake. Canon 200D ya mwaka 2017 na Nikon D5300 ya mwaka 2013 zote zina sensa ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24, na picha zake bado zinatosha kabisa kwa albamu na kwa kuta za sebule. Watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na wapiga picha wengi wanaozifuata wanauza zile za zamani, jambo ambalo ni neema kwa anayeanza. Baina ya hizo mbili ningeegemea 200D ikiwa wateja wako watataka pia video, kwa sababu inamfuata mtu kwa fokasi (ule ukali wa picha) vizuri sana unapotumia skrini yake.

Lakini kuna tofauti moja ya Canon na Nikon ambayo lazima uijue kabla ya kutoa hata shilingi. Lenzi zote za fokasi ya kujiendesha za Canon EF, tangu mfumo huo uanze mwaka 1987, zina mota yake ndani, kwa hiyo utakayoiokota popote itafanya kazi kwenye 200D. Kwa Nikon mambo ni tofauti. Lenzi za zamani zenye alama ya AF-D huzungushwa na mota iliyo ndani ya bodi, kupitia ncha ndogo ya chuma inayofanana na bisibisi, ambayo utaiona ukiondoa lenzi na kuchungulia ukingoni mwa mdomo wa kamera. Bodi ya Nikon D7200 inayo ncha hiyo. D5300 na ndugu zake wa mfululizo wa D3000 hawana. Ukiinunulia D5300 lenzi ya AF-D kwa sababu ni rahisi, utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono huku maharusi wanakupita, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa AF-S.

Lenzi ya milimita 50 ina mipaka yake, nami sitaki uigundue mbele ya mteja. Sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24, hivyo kwenye Canon hiyo 50 huona kama lenzi ya milimita 80. Kanisani hilo ni jema, kwa kuwa unamkaribia mtu bila kumsogelea. Sebuleni Umoja, ambako wazee wa pande mbili wamebanana kwenye makochi kujadili mahari, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado nusu ya wazee watabaki nje ya picha. Hapo ndipo 18-55 inaporudi kazini. Ukichagua Nikon, lenzi ya AF-S DX 35 f/1.8 ingekufaa zaidi ya 50, kwa kuwa huona kwa upana unaokaribia macho yetu na tundu lake ni kubwa vilevile.

Jambo jingine ni kwamba ukifungua tundu hadi f/1.8 kwa karibu, kina cha fokasi huwa kifinyu mno: jicho la bibi harusi litakuwa kali na sikio lake litayeyuka. Kwa mtu mmoja ni uzuri, ila kwa wawili wasiosimama mstari mmoja ni hasara. Funga hadi f/2.8 au f/4, panda ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, hadi 1600 au 3200, na ukubali chembechembe kidogo. Picha yenye chembechembe inauzika, ila iliyotikisika hakuna wa kuinunua.

Sasa kwa kuwa nimekushauri ununue kilichotumika, sina budi kukufundisha kukikagua, maana mimi mwenyewe niliumia. Lenzi yangu ya pili niliinunua jioni, ndani ya duka lenye taa hafifu, nikaitazama kwa mbele tu na kuiona safi. Nyumbani nilipoimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, niliona nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui zikitambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Hiyo ni kuvu, na huota kwenye vioo vilivyokaa gizani penye unyevu. Tangu hapo siendi kununua lenzi kabla sijahakikisha kwamba simu yangu ina chaji. Mulika kutoka nyuma, kisha kutoka mbele, huku tundu limefunguka lote. Vumbi kidogo halina madhara, ila ukiona utando, irudishe kwa heshima na uondoke.

Bodi nayo, toka nayo nje ya duka, elekeza mbinguni, funga tundu hadi f/16 na upige. Ukiikuza picha hiyo kwenye skrini, madoa meusi yatakuonyesha uchafu ulio kwenye sensa. Uliza pia shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha, imepigwa mara ngapi. Faili za Nikon hubeba hesabu hiyo ndani yake, ilhali picha za Canon nyingi hazionyeshi, na itabidi ubashiri kwa kutazama raba zilivyochakaa na vitufe vilivyofutika. D7200, kwa mfano, ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 150,000, na Canon 80D kwa 100,000. Iliyokaribia hapo si mbovu, lakini bei yake yapasa iseme hivyo. Mwisho, linganisha namba iliyo chini ya bodi na ile iliyo kwenye risiti, na ukikosa risiti usinunue, hata kama bei ni ya kutupa. Kamera nyingi huporwa jijini, nawe hutaki kukutana na mwenyewe katika harusi ya watu.

Swali: Ninasoma chuo kikuu na tayari nina Canon 700D na lenzi ya 18-55. Napenda ndege kuliko kitu chochote, na natamani kuwapiga picha katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nimeambiwa kwamba bila lenzi ya mamia ya maelfu nisijisumbue. – Mpenda Ndege, Rongai

Jibu: Ndugu yangu, aliyekuambia hivyo amekukatisha tamaa bure. Tafuta EF-S 55-250 yenye herufi STM, iliyotoka mwaka 2013. Ni nyepesi, ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na kwenye kamera yako milimita zake 250 huona kama 400. Haitakufikisha kwa shorewanda mdogo aliye kwenye mti wa mbali, hilo nikuambie wazi. Lakini kabla hujalipa kiingilio cha mbuga, nenda kwanza karibu na Uwanja wa Nyayo, ambako makorongo wakubwa hutua kwenye migunga ya kando ya barabara. Hao ni wakubwa, wanaruka polepole, na wamewazoea watu, hivyo utajifunza kwao namna ya kumfuata ndege kwa lenzi bila kumpoteza. Weka kasi ya shata isiyopungua 1/1000 ya sekunde ndege anaporuka, na nenda asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, kwa kuwa tundu la f/5.6 linahitaji mwanga wa kutosha. Simama mahali penye watu, na mshipi wa kamera uvae shingoni, usiuache begani.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Buruburu. Mjukuu wangu ana simu ya megapikseli 50, nami nataka kununua kamera ya megapikseli 24. Ananicheka kwamba narudi nyuma. Nia yangu ni picha kubwa za kutundika ukutani. – Mwalimu

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa 4,000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi, ambacho ni kipimo cha uchapishaji mzuri, unapata picha ya takriban sentimita 51 kwa 34, kubwa kuliko karatasi ya A3. Ukutani, ambako mtu husimama hatua mbili nyuma, unaweza kuikuza zaidi ya hapo bila wasiwasi.

Simu ya mjukuu ina nukta nyingi zilizobanwa juu ya sensa ndogo sana, na mara nyingi simu za aina hiyo huunganisha nukta nne kuwa moja ili zipate mwanga wa kutosha, zikatoa picha ya megapikseli 12 hivi. Ukishainunua kamera, mwombe mpige picha moja kila mmoja, yeye kwa simu na wewe kwa kamera, jioni taa zikiwa zimewashwa, ya uso wa mtu aliyeketi mbali kidogo na taa, kisha mzichapishe zote mbili kwa ukubwa wa A3 na mziweke mezani bega kwa bega. Atazame nywele na kope.