Nyumba ya Likizo Pwani ya Uturuki: Wiki Ngapi Zitapata Wageni?

Maswali ya wasomaji yajibiwa na dawati letu la makazi

Assalaam alaykum wahariri. Dalali ametuonyesha, mimi na mume wangu, villa ya vyumba vitatu yenye bwawa katika kijiji cha İslamlar, mlimani juu ya Kalkan, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uturuki. Amechukua bei ya usiku mmoja wa Agosti, akaizidisha kwa siku 180 za msimu, akasema nyumba itarudisha fedha zetu mapema. Hesabu hii inasimama? – Bi. Z., Muscat

Wa alaykum salaam, Bi. Z. Bei aliyokupa huenda ni ya kweli. Siku ndizo za kubuni. Tufanye usiku wa Agosti ni 100, kwa sarafu yoyote. Julai na Agosti zina siku 62, na nyumba nzuri ikipata wageni siku 54 imefanya vizuri: 5,400. Juni na Septemba bei hushuka, tuseme 70, na siku 40 zikikaliwa ni 2,800. Mei na Oktoba weka 45 kwa siku 18, yaani 810. Jumla ni 9,010. Dalali alikuahidi 18,000. Tena hapo hujatoa kamisheni ya wakala. Ukiiweka asilimia 20, mkononi inabaki 7,200 na ushei, na humo humo atalipwa mtu wa bwawa, mfua mashuka, umeme, bima na fundi rangi. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako, lakini usibadilishe mpangilio: kila jozi ya miezi na bei yake na siku zake.

Siku nane za Julai na Agosti zimepotelea wapi? Kwenye mapengo. Mgeni mmoja anaondoka Jumanne, mwingine anafika Ijumaa. Usiku tatu zilizo katikati ni vigumu kuzijaza, kwa sababu kusafisha nyumba ya usiku tatu hugharimu sawa na ya wiki nzima. Muulize wakala kama hupokea wageni wa siku chache kwa kuwatoza ada ya ziada ya usafi, au huyaacha mapengo yalale.

Mwenye nyumba akikuonyesha mapato ya mwaka mmoja, kwanza tazama Idi ya mwaka huo iliangukia wapi. Idi Kubwa ya 2023 ilikuwa mwishoni mwa Juni, ya 2024 katikati ya Juni, na Waturuki husafiri sana sikukuu hizo. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo kuanzia 2026 Idi Kubwa imeingia Mei, wakati shule za Uturuki zimefunguliwa na bahari bado ni ya baridi. Juni iliyojaa kwa sababu ya Idi haitajirudia karibuni. Omba mapato ya miaka mitatu, kila mwezi peke yake.

Sasa sifa ya nyumba yenyewe. Eneo hilo la Kalkan na mji jirani wa Kaş lina soko la familia zinazotaka bwawa lisiloonekana na mtu wa nje, na wanawake wanaotaka kuogelea kwa stara huwa tayari kulilipia. Ukifika, usiishie kusimama bwawani. Simama barabarani, kisha uombe kupanda roshani ya jirani wa juu, uangalie. Halafu nenda halmashauri (huko huitwa belediye) uulize kiwanja kilicho juu yenu kinaruhusiwa kujengwa nini, maana villa moja mpya mlimani huweza kuifuta stara hiyo, na bei yako nayo.

Kaguzi nyingine ni za maji. Bwawa la mita 4 kwa 8 likipoteza milimita 5 hadi 7 kwa siku ya joto na upepo, ni lita 160 hadi 224 za kujaza kila siku, tena ndani ya wiki ambazo bomba la kijijini lina shinikizo dogo kabisa. Uliza kama kuna tangi la akiba, na boza la maji hutoka wapi. Pale pasipo na mfumo wa maji taka, pima shimo: wageni 6 wakitumia lita 150 kila mmoja ni lita 900 kwa siku, na tangi la lita 10,000 hujaa baada ya siku 11. Gari la kunyonya lisipoweza kupanda njia ya mwisho, harufu itafika kwenye maoni ya wageni kabla yako.

Kabla ya kulipa amana yoyote, taka kuona vitu viwili: tapu, yaani hatimiliki, isomeke kuwa ni nyumba na si shamba, na iskan, cheti kwamba jengo limekamilika na linakalika kisheria. Nyumba isiyo na iskan mara nyingi bado hutumia mita ya umeme ya eneo la ujenzi, yenye gharama kubwa, na huleta shida siku ya kuuza.

Niko Leicester na siwezi kwenda kila mara. Naweza kujua mahitaji ya wageni kwa kutazama mtandaoni? – J. M.

Unaweza, ukijua unachokitazama. Chagua nyumba 10 zinazofanana na yako, ndani ya kilomita 5, zenye vyumba sawa na bwawa sawa. Kagua kalenda zao Februari, kisha Mei, kisha katikati ya Juni. Siku iliyofungwa tangu Februari bila kubadilika inaweza kuwa ya mwenye nyumba na wanawe. Inayofungwa kati ya ukaguzi mmoja na mwingine ndiyo yenye dalili ya mgeni anayelipa. Angalia pia bei zinazoshushwa siku kumi kabla: ni ishara ya nyumba nyingi kuliko wageni.

Usitegemee tovuti moja ya kimataifa. Mwaka 2017 mahakama ya Uturuki iliizuia Booking.com kuwauzia walio ndani ya nchi malazi ya humo humo, na wageni wengi wa ndani hupitia mawakala wa Kituruki wa villa. Nyumba tupu kwenye tovuti unayoijua wewe huenda imejaa kwingine. Na muuzaji akijisifu kwa wageni tele, mwombe kumbukumbu za usajili wao: mpangishaji hutakiwa kuwaandikisha kwa polisi, au kwa jandarma huko vijijini. Anayekosa kumbukumbu ama hakuwa na wageni, ama alipangisha kinyume cha sheria.

Nimepata fleti Datça, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uturuki, katika jengo la fleti nane. Msimamizi wa jengo anasema hana neno nikipangisha kwa usiku. Inatosha? – Kaka yenu, Dar es Salaam

Haitoshi, kaka. Tangu Januari 1, 2024 Sheria namba 7464 inataka kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii kwa kila upangishaji wa kitalii wa siku 100 au pungufu. Kwenye jengo la fleti, wamiliki wote lazima wakubali, na mmoja akikataa hupati. Katika jengo la fleti nane, mtu mmoja hapewi vibali zaidi ya robo, yaani fleti mbili. Kibali kikitoka, kibao chake hubandikwa mlangoni. Faini ya kwanza iliwekwa lira 100,000 kwa kila nyumba, ya marudio 500,000, kisha milioni, na viwango hivyo hupandishwa kila mwaka.

Kibali hutolewa kwa jina la mpangishaji, kwa hiyo cha muuzaji usikihesabu kuwa chako. Kusanya sahihi za wamiliki kabla ya mkataba wa ununuzi, au andika kwenye mkataba kwamba amana itarudi zisipopatikana. Datça inakaliwa mwaka mzima, basi fanya na hesabu ya pili ya mpangaji wa miezi sita ya baridi. Zaidi ya siku 100, kibali hicho hakihitajiki. Kama fleti inalipa kwa hesabu hiyo, majirani hawatakushika pabaya.

Anamur, mji wa pwani ya kusini ya Uturuki, bei ni rahisi kuliko Kaş, na ufukwe ni mrefu. Kwa nini mawakala hawapataji? – Msomaji, Mombasa

Uwanja wa ndege ulio karibu ni Gazipaşa, kama kilomita 80 kwa barabara ya milimani, na safari zake za kigeni ni chache, hasa majira ya baridi. Wageni wengi huja na magari yao kutoka bara, Konya na Karaman, wakitafuta fleti rahisi karibu na bahari, si villa yenye bwawa. Zunguka pia nyuma ya ufukwe: Anamur ni mji wa ndizi, na mandhari ya nyumba nyingi ni mapaa ya plastiki ya mashamba yake. Nunua fleti ndogo umbali wa kutembea hadi majini, wamiliki wote wa jengo wakikubali upangishe, na upige hesabu kwa Julai na Agosti peke yake.